Kiwanda Kisicho na Mkasi

Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wa koti la Chujio, na ulikuwa unamkera. Aliuvuta, ukarefuka. Akasimama katikati ya kiwanda cha kushona, mbele ya safu mbili za cherehani za umeme, akanyoosha mkono kama mgonjwa anayesubiri sindano.

"Naombeni mkasi, jamani."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake wakatazamana. Mmoja alijipapasa mifukoni. Mwingine alifungua droo ya meza yake, akaifunga haraka, maana ilikuwa tupu kama siku iliyotoka dukani. Wa tatu aliinama kutafuta chini ya kiti, akabaki huko chini kwa muda ambao mkasi wowote ungekuwa umeshapatikana.

Mwishowe mwanamke mwembamba wa safu ya dirishani alinyanyuka, akaushika mkono wa Chujio, akaukata uzi kwa meno.

"Tayari, dada. Haya hayahitaji kunolewa."

Wenzake wakacheka, kile kicheko cha watu waliookolewa. Chujio naye akacheka. Alicheka vizuri sana, na hapo ndipo mwenye kiwanda alipoanza kutafuta leso yake, kwa sababu mtu wa kodi akinuna unajua umekosa nini, lakini akicheka vizuri itabidi usubiri.

Chujio alikuwa mpelelezi wa ofisi ya kodi, kitengo cha misamaha. Jina hilo alipewa na wenzake: chai ya kila mtu ilipita kwake, na majani yakabaki. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya raba na mkoba mzito. Kiwanda hiki kilikuwa ndani ya mstari mwekundu.

Mstari huo ulichorwa na serikali kwenye ramani, kuzunguka mitaa ambayo haikuwa imecheka tangu kiwanda cha betri kifungwe. Atakayeleta mashine mpya ndani ya mstari, akaajiri watu wanaoishi ndani ya mstari, na kazi yenyewe ikafanyika ndani ya mstari, hatatozwa kodi ya faida kwa miaka kumi. Waliokuwa nje ya mstari waliuita mpango huo wizi uliogongwa muhuri. Waliokuwa ndani waliuita Nafuu, wakalitamka neno hilo kwa upole kama jina la mtoto wa kike.

Mwenye kiwanda, ambaye kila mtu pale alimwita Bosi, alizaliwa mtaa huo huo. Aliondoka kijana, akauza vitambaa kwenye miji ya watu, akarudi na kitambi na wazo: makoti meupe ya hospitali na maabara. Sasa alikuwa akijifuta shingo.

"Mikasi imepelekwa kunolewa," alisema.

"Yote?"

"Fundi wa kunoa alipunguza bei."

"Mungu ambariki," alisema Chujio, akaanza kutembea.

Alipitisha kiganja juu ya cherehani moja, akaenda kwenye nyingine. Mashine zilikuwa zimepigwa mafuta, zinang'aa, na zilikuwa baridi. Zilikuwa zimeanza kuunguruma gari lake lilipopiga kona. Sakafu chini ya viti ilikuwa safi, haina hata kipande cha uzi. Chujio alilelewa na mama mshonaji, na nyumbani kwao nyuzi ziliokotwa mpaka kwenye sufuria ya maharage.

Lakini meza ya kukatia ilikuwa hadithi nyingine. Ukingo wake ulikuwa umelika, vumbi jeupe la kitambaa lilikuwa limeshona utando kwenye miguu yake, na mkataji, jamaa mkimya mwenye kisu cha umeme, alikuwa na kiganja kigumu kama soli. Hapo kazi ilifanyika, tena ya kweli.

Basi vitambaa vilikatwa hapa. Swali lilikuwa vilishonwa wapi.

Simu ndiyo iliyomleta. Siku chache zilizopita mtu alipiga ofisini, na Chujio mwenyewe ndiye aliyepokea. Sauti ya mwanamume, ya chini chini. "Kile kiwanda cha makoti hakina watu. Mashine zinakaa bure." Kisha kimya kirefu. Kisha tena, kwa haraka: "Njooni muwakusanye pale. Muwakusanye wote." Kisha kimya. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na mngurumo uliokuja na kuondoka, na kila mngurumo ulipoondoka, mwanamume naye alinyamaza. Hakutaja jina. Alikata.

"Nionyeshe stoo," Chujio alimwambia Bosi.

Stoo ilijaa makoti yaliyokunjwa, meupe mpaka macho yanauma. Chujio alichukua moja, akalifungua, akalitia puani. Akachukua la pili. La tatu.

"Bosi, mnapika humu?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Basi hili koti lilikuwa linavuta sigara. Linanuka moshi wa kuni."

Bosi akalinusa kana kwamba hajawahi kukutana nalo.

"Na hili," Chujio aliendelea, "linanuka vitunguu. Daktari atamtibu mgonjwa au atamkaanga?" Alichukua lingine kutoka kwenye fungu la pembeni, lile lenye vitundu vya vifungo vilivyoshonwa kwa mkono, vizuri mno, kila kitundu kama jicho la mtoto mchanga. Akanusa. Hakutania tena. Alinusa mara ya pili, polepole. "Hili lina dawa ya kuchua."

"Dawa gani?"

"Ya kuchua misuli. Ile ya mafuta na kafuri. Anayechuliwa ni nani?"

Mlangoni alisimama yule mwanamke aliyekata uzi kwa meno.

"Samahani, dada," alisema. "Ukaguzi unaisha saa ngapi?"

"Una haraka, mdogo wangu?"

"Nina mtu wa kumgeuza."

Bosi alimtazama kwa jicho la kumziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Chujio aliliweka koti chini taratibu.

"Nenda kamgeuze," alisema.

"Na kazi?"

"Kazi gani?"

Mwanamke huyo aliinama kidogo, kama anayeshukuru na kuomba radhi kwa pamoja, akaondoka kwa mwendo ambao ukizidi kidogo unakuwa mbio.

*

Dereva wa ofisi alikuwa ameegemea gari, anakula njugu. Alikuwa mtu mzima, miaka yake ya kustaafu ikimpungia mkono, na alikuwa na nadharia kwa kila kesi. Nadharia zake zilikuwa kama viatu vya mtumba: moja katika kumi ilimtosha mtu.

"Dada mkubwa, hii nimeimaliza," alisema. "Nimeongea na watu. Bosi ana shemeji yake upande wa pili wa mji, ana kiwanda kikubwa cha nguo. Makoti yanashonwa kule, usiku usiku, yanaletwa huku kupigwa pasi. Nafuu wanaila hapa, jasho linamwagwa kule. Mchezo tunaoujua."

"Kiwanda kikubwa kinapikia vitunguu kwenye meza ya kushonea?"

Dereva akatafuna njugu akifikiri. "Labda wapishi wao wamebanana."

"Mlinzi anasemaje?"

"Mlinzi hajaulizwa. Mlinzi ana usingizi."

Mlinzi alikuwa mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chenye miguu mitatu mizima na mmoja wa tofali. Chujio alimsalimia kwa heshima zote, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu, vitambaa vikishakatwa, vinaondokaje hapa?"

"Vinaondoka?" Mzee alimtazama Dereva, akaziona njugu. Dereva akammiminia kiganjani. "Aa, vinaondoka. Kwa mkokoteni."

"Hakuna lori? Hakuna gari la shemeji wa Bosi?"

"Lori? Hapa lori lilikuja mara moja, kuleta mashine, likang'oa geti. Mpaka leo linashikiliwa na waya."

"Na mkokoteni unakwenda upande gani?"

Mzee alielekeza kwa kidevu, chini kuelekea kwenye nyumba za mabati.

"Unavuka mfereji?"

"Uvuke kwa mbawa, mwanangu? Daraja limebebwa na maji tangu mvua zile. Ng'ambo haendi hata mbuzi."

Chujio alisimama, magoti yakalia. Mfereji ndio uliokuwa mstari mwekundu. Kule ng'ambo ilikuwa nje.

"Umeisikia nadharia yako ikianguka?" alimuuliza Dereva.

"Nimeisikia. Imeanguka kwa heshima."

Alirudi ndani. Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mshonaji, kiti kidogo, magoti yamemfika kifuani. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yake, na safari hii hakuna aliyejifanya kushona.

"Mnashonea nyumbani," Chujio alisema.

"Ndiyo."

"Cherehani zenu wenyewe, za kukanyaga."

"Ndiyo, mama."

"Na mikasi iko huko."

"Tulisahau mikasi," alisema mmoja wa wanawake kwa uchungu wa kweli. "Tulikumbuka mpaka kuvaa vitambaa vya kichwa vinavyofanana. Mikasi tukasahau!"

Bosi alieleza huku akiitazama sakafu. Mwanzo wote walikuja. Kisha fundi wake wa vitundu, yule mwembamba, mumewe alianguka kutoka kwenye nguzo ya umeme, akabaki hawezi kitu kuanzia kiunoni. Hangeweza kumwacha. Bosi akamwambia ashonee nyumbani, kwa muda tu. Halafu mwingine akajifungua. Mwingine mama mkwe wake akapoteza kumbukumbu, akawa anatoka uchi. Kidogo kidogo safu ikawa tupu, na makoti yakaendelea kuja, tena mazuri kuliko mwanzo. Kisha mhasibu wake wa kukodi akamtia hofu: wakija wakute chumba kitupu, Nafuu imekwenda.

"Kwa hiyo leo asubuhi, uliposikia tunakuja, ukawaita waje kuigiza."

"Niliwaomba. Wameacha watoto wanalia."

"Na nikiifuta Nafuu?"

Bosi alinyanyua uso. "Nafunga, mama. Wanaoshindana nami wana viwanda kama cha shemeji yangu. Nikitozwa kama wao, sifiki mwezi wa tatu. Hawa watarudi pale pale nilipowakuta." Aliwatazama. "Na yule wa vitundu ndiye sijui itakuwaje. Wengine wana waume wenye miguu."

Chujio alifunga mkoba.

"Kuna mtu alitupigia simu kuhusu kiwanda hiki. Simu nisiyoijua ilikotoka siwezi kuifungia faili. Anaweza kuwa anajua kitu ambacho hamjaniambia. Inawezekana kuna makoti yanayoshonwa ng'ambo. Na kama kuna hata nyumba moja ng'ambo ya mfereji, hapo hata mimi sina la kufanya."

"Nani alipiga?" wanawake waliuliza kwa sauti moja, na sauti hiyo haikuwa ya kanisani.

"Nipelekeni kwa fundi wa vitundu," alisema Chujio.

*

Walishuka kwa miguu, Chujio mbele, Dereva nyuma, na mwanamke mmoja wa kuwaonyesha njia. Kila walipopita mlango, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kanga sebuleni. Kipande cha uzi kwenye kizingiti. Koti jeupe lililoshonwa nusu likiwa kwenye kamba. Chujio alikuwa akitazama milango kwa jicho moja na mfereji kwa jicho la pili, kwa sababu njia iliendelea kushuka na mwenyeji hakuwa amesimama.

"Bado?" aliuliza.

"Bado kidogo."

Maji ya mfereji yakaanza kusikika.

"Bado?"

"Pale."

Ilikuwa nyumba ya mwisho. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeegemea kingo za mfereji kabisa, kiasi kwamba mtu angeweza kumwaga maji ya kuoshea vyombo nje ya nchi ya Nafuu bila kutoka jikoni. Lakini ukuta ulikuwa upande wa huku. Chujio alizunguka nyumba yote, akarudi na matope kwenye raba.

"Iko ndani," alimwambia Dereva.

"Kwa unene wa tofali," Dereva alisema.

"Tofali linatosha."

Fundi wa vitundu alikuwa ameshamgeuza mtu wake. Alitoka mlangoni akikausha mikono, harufu ya kafuri ikamfuata. Mtaani walimwita Mama Vitundu.

"Umenifuata, dada."

"Nimelifuata koti lako. Usiache kazi kwa ajili yangu, kaa ushone. Mimi nitamsalimia shemeji."

Mama Vitundu alimtazama sana. Kisha akaenda kuketi kwenye cherehani, nyuma ya pazia lililogawa chumba, na mguu wake ukaanza kukanyaga. Mngurumo ukajaa nyumba. Chujio aliujua mara moja.

Mume alilala kando ya dirisha. Alikuwa mtu wa mabega mapana, fundi wa umeme aliyepanda nguzo za nusu ya mji, na watu kwa utani usio na huruma walikuwa bado wanamwita Nguzo. Juu ya kitanda walimtundikia kioo kwa kukiinamisha, ili aone njia bila kuinuka. Alikuwa amewaona wakija tangu juu. Simu ilikuwa chini ya mto, ncha yake ikichungulia.

Chujio aliketi kwenye kigoda.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Karibu." Alimtazama kwa kioo, si kwa macho. Cherehani ilikuwa inanguruma. Akashusha sauti. "Umeijua sauti yangu?"

"Sauti hata sikuishika. Nimekujua kwa kunyamaza."

Cherehani ikasimama. Nyuma ya pazia kitambaa kiligeuzwa.

"Joto la leo si la kawaida," alisema Nguzo kwa sauti kubwa.

"Si la kawaida kabisa," Chujio alikubali.

"Labda mvua."

"Labda."

Cherehani ikaanza tena, na wote wawili wakainamiana kama wanafunzi wanaoibiana majibu.

"Watu wengi wanapiga simu kwangu," Chujio alisema haraka. "Wote wanasema wakamateni. Wafungieni. Wewe ulisema muwakusanye. Kwa nini?"

"Kwa ajili yake."

"Anakuonea?"

"Huyu?" Nguzo nusura acheke. "Shemeji, huyu alipokuwa anakwenda kiwandani, alikuwa anarudi na hadithi. Nani kagombana na nani, nani kashona mkono wa koti kinyume, nani kachumbiwa akakataa. Mimi nikitoka kazini nimechoka, nacheka mpaka nasahau kula. Sasa anakaa hapo nyuma ya pazia toka asubuhi. Hana hadithi. Habari anazozijua ni zangu tu, na habari zangu ni mgongo. Leo umepata kidonda? Leo hujapata? Basi."

Cherehani ikasimama.

"Mahindi mwaka huu yamekubali," alisema Chujio.

"Yamekubali sana. Sana."

"Mnaongea mambo ya mahindi?" Mama Vitundu aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Tunaongea tu," mumewe alijibu. Mguu ukarudi kazini.

"Ungemwambia aende," Chujio alinong'ona.

"Nimemwambia. Amenitupia mto. Anasema nani atakugeuza. Nikafikiri, serikali ikiwalazimisha, atakwenda. Atanung'unika, lakini atakwenda. Nitapata mtu wa jirani. Nitapata kidonda kimoja, si mwisho wa dunia. Ila jioni atarudi na kitu cha kusema."

"Shemeji, sisi hatulazimishi watu kukusanyika. Hatuna amri hiyo."

"Mna amri gani?"

"Ya kufuta. Tukifuta, Bosi anafunga, na mkeo hana kazi. Si yeye peke yake, ni mtaa mzima."

Nguzo aligeuza uso kutoka kwenye kioo, akamtazama Chujio moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Alishika kidevu.

"Sikujua hivyo."

"Naona."

"Nilidhani mnakuja mnawagombeza, basi."

"Kuna mtu anayeshona ng'ambo ya mfereji? Nijibu kweli, hilo ndilo lililonileta kwako."

"Hakuna. Namwona kila anayepita na mkokoteni." Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Sina kazi nyingine. Nyumba ya mwisho ni hii."

Cherehani ikasimama.

Chujio akafungua mdomo aseme kitu juu ya mahindi. Nguzo alimwinulia kiganja, anyamaze. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea ndani ya nyumba yake:

"Mke wangu. Mimi ndiye niliyewaita hawa. Nilipiga simu. Nilitaka wakutoe humu ndani, urudi kwa wenzako. Sikujua kwamba wanaweza kukifunga. Nimeharibu."

Nje, Dereva alikohoa, akaacha.

"Umemaliza?" Mama Vitundu aliuliza.

"Nimemaliza."

Pazia lilisogezwa. Alikuwa bado ameketi, koti jeupe mapajani, sindano mdomoni. Aliitoa, akaichomeka begani mwake.

"Ulipiga siku ile nilipokuwa nashona kola," alisema. "Ulisema pale kiwandani hakuna watu. Ukanyamaza. Ukasema muwakusanye, muwakusanye wote. Mwanamume wewe, miaka yote hii unadhani nikikanyaga cherehani nakuwa kiziwi? Kazi inafanywa na mguu. Masikio hayana kazi, yanasikia tu."

Nguzo aligeuza kichwa kuelekea kwenye pazia.

"Ulisikia? Na hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Nimesubiri, nimesubiri, mpaka wamekuja na gari." Sauti ilimkatika mahali fulani, akaiunga. "Leo asubuhi, tulipoitwa, wenzangu wakahisi kuna aliyetuchoma, wanaapa watamfanya nini, na mimi naapa nao, nachagua na maneno makali kuliko wao, wasije wakakushuku." Akamgeukia Chujio. "Haya, dada. Mwenyewe ndiye huyo, na amesema. Tumekwisha?"

Chujio alitoa simu mkobani, akampigia Bosi, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Bosi, hao wanawake waruhusu warudi kwa watoto."

"Nimekwisha, mama?"

"Nimefanya kazi hii miaka mingi, wewe ni mtu wa kwanza kumkamata anaficha kitu halali. Sheria haisemi jengo. Inasema ndani ya mpaka. Mhasibu wako ni nani?"

Bosi akamtaja.

"Mwambie akasome, halafu mwambie atafute kazi nyingine. Kila nyumba inayoshona utaiandikisha kama sehemu ya kiwanda, nami nitazipitia zote. Kwa maigizo ya leo utapata onyo la maandishi. Na jambo moja zaidi, hili si ombi. Mashine mpya zilizokupatia Nafuu zinatakiwa zifanye kazi, si kupamba chumba. Anayeweza kuja, aje. Asiyeweza, abaki. Anayeweza nusu siku, aje nusu siku. Pangeni zamu."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito, kisha kelele za wanawake, kisha mtu akaiangusha simu.

"Na aliyepiga?" sauti ya kike iliuliza kwa mbali. "Umemjua?"

Chujio aliwatazama waliokuwa mbele yake.

"Aliyepiga alikuwa na nia njema na habari pungufu," alisema. "Faili limefungwa." Akakata.

Mama Vitundu alisimama, akalikunja koti, akalilaza juu ya cherehani. Akaenda kitandani, akaurekebisha mto wa mumewe kwa nguvu kuliko mto ulivyohitaji.

"Nitakwenda asubuhi," alisema. "Mchana narudi. Na usijidanganye kwamba nakwenda kwa ajili ya simu yako. Nakwenda kwa sababu wale wasichana wanatoboa vitundu kama wanachimba viazi."

"Sawa."

"Nitakugeuza kabla sijaondoka, na nikirudi."

"Na katikati?"

"Katikati utamwita jirani. Si unajua kupiga simu?"

Nguzo alicheka. Kicheko kilianza vibaya, kama injini iliyokaa, kikashika, na mabega yake mapana yakatikisa kitanda. Chujio aliokota mkoba wake akatoka bila kuaga. Kwenye kizingiti aliinama kuifunga kamba ya raba iliyolegea.

"Haya niambie," Nguzo alikuwa anasema ndani, "leo huko kulikuwaje?"

"Wee, acha tu," mkewe alisema, akavua viatu, akapanda kitandani upande wa ukutani.